Barua Kutoka Ohio: Lima, Medina na Kipilefti



Katika jimbo hili la Ohio kuna mji unaoandikwa Lima, herufi kwa herufi kama mji mkuu wa Peru, na wenyeji wanauita "Laima". Upo mwingine unaoandikwa Medina, jina ambalo Mwislamu yeyote wa Unguja au Lamu angelisoma bila kusita, lakini hapa ni "Medaina". Jina la Toledo, lililotoka Hispania, limekuwa "Tolido". Milan ya hapa, mji mdogo alikozaliwa Thomas Edison mwaka 1847, huitwa "Mailan", na Versailles, iliyobeba jina la kasri la wafalme wa Ufaransa, hutamkwa "Vaseilzi". Hakuna anayecheka. Watangazaji wa redio wanayatamka hivyo kwa kujiamini kabisa, na mgeni anayejaribu kuyatamka kama Mhispania au Mfaransa ndiye anayesahihishwa. Nimeanza na majina haya kwa sababu simu zetu, za nyumbani na za huku, zimejaa vipande vya video vya kumcheka mbunge, mchezaji mpira au mama muuza duka aliyetamka neno la Kiingereza "vibaya". Naona kicheko kile kimesimama juu ya dhana mbovu, kwamba duniani wapo watu wanaotamka maneno ya kigeni sawasawa na wapo wengine wanaoyaharibu. Kila ulimi huyafanyia maneno ya kigeni kazi ile ile. Tofauti iko kwa nani amepewa nafasi ya kumcheka mwenzake.

Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Kiswahili kina irabu tano, silabi zake nyingi huishia kwa irabu, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza hakina mazoea hayo. Neno lake moja kama "strength" linabeba konsonanti tatu mbele ya irabu yake pekee na kundi jingine nyuma yake. Msemaji wa Kiswahili akilipokea neno la namna hiyo hulipasua, akaweka irabu pale pumzi inapozihitaji. Ndivyo tulivyopata basi, breki, tairi, injini, pancha, kabati na blanketi. Ndivyo Waingereza walivyotuachia "man-of-war" nasi tukawa na manowari, neno ambalo leo mhariri wa gazeti huliandika bila kufikiri mara mbili. Kipilefti ndiyo inayonipendeza kuliko zote. Kibao barabarani kilimwamuru dereva ashike kushoto, "keep left", watu wakalifanya hilo kuwa jina la mzunguko wenyewe, na kwa kuwa neno lilianza na sauti ya ki, sarufi yetu ikalipeleka moja kwa moja kwenye ngeli ya kitu na vitu. Mji ukiwa na mizunguko mitatu, una vipilefti vitatu. Kitabu kilikuwa kimepita njia hiyo hiyo muda mrefu kabla: Waarabu hawana habari ya vitabu, wingi wao ni "kutub", lakini sisi tulisikia ki tukaipa vi yake. Nayo "mudguard" ya gari ilipofika kwa mafundi, silabi yake ya kwanza ikasikika kama ma ya wingi, tukapata madigadi mawili na digadi moja. Anayeona uharibifu hapo hajaitazama sarufi ikifanya kazi. Fundi ambaye hajawahi kukaa kwenye darasa la isimu ametumia kanuni ya lugha yake kwa usahihi ambao mwanafunzi wa chuo kikuu angehitaji kurasa kadhaa kuueleza.

Sasa tugeuze upande. Kiingereza hakianzi neno kwa m au n iliyobanana na konsonanti nyingine kama ilivyo katika mbuzi au nchi. Basi mtangazaji wa mpira akifika kwenye jina la Mbappé, mara nyingi utamsikia akitanguliza irabu, "Embape", na mwalimu wa historia akifika kwa Nkrumah atasema "Enkruma". Sauti ya ng' iliyo katika ng'ombe wanayo, tena wanaitumia kutwa mwishoni mwa neno kama "sing", ila kanuni ya lugha yao hairuhusu ikae mwanzoni, na ulimi unagoma mbele ya ng'ombe kama vile haujapata kuikuta sauti hiyo. Dawa yao na yetu ni moja: sisi tunaongeza irabu nyuma, wao wanaiongeza mbele. Na kamusi yao imejaa makosa ya jana yaliyogeuka usahihi wa leo. Aproni waliyoichukua kwa Wafaransa ilikuwa na n mwanzoni, "napron", mpaka watu waliposikia "a napron" wakakata mahali pasipo pake, ikabaki "an apron". K ya "knee" ilikuwa ikitamkwa, ikaachwa njiani, na mtoto wa shule leo anaiandika bila kuisikia popote. Mfano mzito zaidi ni "ask". Wamarekani Weusi wengi husema "aks", na kwa hilo huchekwa na kudharauliwa. Lakini umbo hilo limo katika maandishi ya mshairi Chaucer ya karne ya 14, na limo katika Biblia ya Kiingereza ya Coverdale ya mwaka 1535. Sauti ile ile iliyofaa kutafsiria maneno ya Mungu imekuja kuwa ushahidi wa ujinga, na kilichobadilika katikati ni hali ya wanaoitumia.

Kabla hatujawanyooshea Wamarekani kidole, tutazame uani kwetu. Mtu wa pwani humcheka wa bara anayesema zambi badala ya dhambi, samani badala ya thamani, gali badala ya ghali. Nairobi humcheka Mkikuyu anayechanganya r na l, ambazo lugha yake haizitenganishi, na humcheka Mjaluo ambaye kwake sh inakuwa s kwa sababu Kijaluo hakina sh. Dar es Salaam nayo ina orodha yake ya makabila ya kuigiza. Lakini huyu wa pwani mwenye dhambi na thamani anajivunia sauti zilizofika kwa maneno ya Kiarabu, ambazo mababu zake nao walijifunza, na zile sauti za Kiarabu ngumu zaidi alizitupa kama alivyofanya wa bara: ile ha nzito na ile he nyepesi, ambazo Mwarabu hazichanganyi, kwake zote ni h. Na huo usahihi tunaoupimia wenzetu ulichaguliwa mezani. Mwaka 1928 wajumbe wa serikali za kikoloni walikutana Mombasa wakakichukua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 kamati ikaundwa kukisimamia. Mkutano ulifanyika Mombasa na Kimvita cha Mombasa kikaachwa. Tangu hapo mtu anayesema mato kwa macho, au nti kwa nchi, husikika masikioni mwa waliosoma shuleni kama anayekosea, ilhali anasema lugha ya Muyaka bin Haji, mshairi ambaye Kiswahili hakijamaliza kumlipa deni lake. Sisemi usanifu haukuhitajika. Tusingekuwa na vitabu vya shule vya pamoja bila huo. Nasema tu kwamba aliyeukuta usanifu umeangukia upande wa nyumba yao asijidhani ana ulimi bora.

Wasomaji wa Biblia wanakijua kisa cha mlango wa 12 wa kitabu cha Waamuzi. Watu wa Gileadi walishika vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka aliambiwa aseme "Shibolethi". Waefraimu hawakuwa na sh, wakasema "Sibolethi", na kitabu kinasema waliuawa watu 42,000. Tofauti ya sh na s ndiyo hii hii tunayoichekea kwa Wajaluo. Najua mtu atasema nimevuka mpaka, kwamba kati ya mzaha na panga kuna umbali mkubwa. Umbali upo. Lakini wazo linalobeba vyote viwili ni moja, kwamba sauti moja mdomoni inatosha kumjua mtu na kumhukumu.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la utani. Sisi ni watu wa utani, na Mzaramo na Mnyamwezi wametaniana misibani na harusini bila mtu kuumia. Nakubali, na nisingependa kuuona utani ukifa. Ila utani una sheria yake: anayecheka leo atachekwa kesho, na wote wawili wanaijua sheria hiyo. Ile video ya mama muuza duka haina kesho. Yeye hatapata nafasi ya kumwigiza msomi aliyemrekodi, na wala hakuulizwa kama anataka kutaniwa. Kipimo kingine ni huyu mtalii anayeshuka Kilimanjaro na "jambo" yake, salamu iliyovunjwavunjwa kutoka hujambo. Tunamshangilia. Amejitahidi, tunasema, na tunamwongezea maneno mawili matatu ya kwenda nayo. Wamarekani Weusi wanaosherehekea Kwanzaa, iliyoanzishwa na Maulana Karenga mwaka 1966, huvuta pumzi wanapofika kwenye neno "kujichagulia", nasi tunafurahi kwamba lugha yetu imefika mbali, na ni haki kufurahi. Kwa nini basi mwenzetu aliyejifunza Kiingereza katika darasa la watoto themanini anyimwe ukarimu tunaompa mtalii? Sijapata kusikia jibu la swali hilo lisilorudi kwenye cheo na rangi.

Na gharama ipo, inapimika. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Shiri Lev-Ari na Boaz Keysar, waliwasikilizisha watu sentensi za mambo madogo, mfano kwamba twiga anaweza kukaa bila maji muda mrefu kuliko ngamia, zikisomwa na Wamarekani na zikisomwa na wageni. Wasikilizaji waliambiwa kwamba wasomaji wamepewa tu sentensi hizo wazisome. Hata hivyo sentensi ikitoka kwenye mdomo wenye lafudhi ya kigeni, imani yao kwayo ilipungua. Kabla yake, mwaka 1999, John Baugh na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio ya simu huko California. Mtu mmoja alipiga kuulizia nyumba ya kupanga kwa lafudhi tatu tofauti, na katika mitaa ya Wazungu lafudhi ya Mmarekani Mweusi na ya Mmeksiko zilipata miadi michache ya kwenda kuiona nyumba. Hakuna aliyemwona. Sauti ilitosha. Mtoto wetu anayekulia hapa huona mapema jinsi baba yake anavyosikilizwa kaunta ya duka, na akirudi nyumbani akamkuta mjomba anaonyesha video ya kumcheka mtu wa Musoma au wa Kisumu, anajifunza kwamba hata sisi wenyewe tumekubali hukumu ile. Wengi huanza hapo kujibu kwa Kiingereza wanapoongeleshwa Kiswahili.

Wapo watakaouliza kama nataka watu wasijifunze kutamka. Nataka wajifunze, na kwa bidii, mahali ambapo kutoelewana kunaumiza. "Fifteen" na "fifty" zikisikika sawa, mgonjwa anaweza kumeza miligramu zisizo zake, na dereva wa lori anaweza kushusha mzigo kwenye ghala la watu wengine. Huko mazoezi ya ulimi ni ya lazima, na penye hatari kubwa tusione haya kuomba mkalimani. Hospitali za hapa zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kumtoa bila malipo, na Wakongo wa Bukavu na Goma, ambao kwa wengi wao Kiingereza ni lugha ya nne au ya tano, wana haki hiyo sawa na mtu mwingine. Mpaka ninaoutafuta hata sheria inaujua. Chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, mwajiri hawezi kumnyima mtu kazi kwa sababu ya lafudhi isipokuwa lafudhi hiyo inazuia kweli kazi yenyewe kufanyika. Swali ni kama ameeleweka. Kama ameeleweka, irabu moja aliyoiongeza mwishoni mwa neno haimhusu mtu.

Linabaki pingamizi la majina ya watu, nalo ni la haki. Ikiwa kila lugha ina ruhusa ya kumeza maneno kwa njia yake, kwa nini tunalalamika Mwanaidi akiitwa "Wanaidi" na Nyerere akiitwa "Nairere"? Kwa sababu blanketi halina masikio na Mwanaidi anayo. Neno la kawaida likishaingia katika lugha ni mali ya wanaolitumia, lakini jina lina mwenyewe aliye hai mbele yako, anayeweza kuulizwa. Tena ulimi hujifunza ukitakiwa kujifunza. Waingereza wa enzi za ukoloni walizoea kusema "Kiinya", na baada ya uhuru wa mwaka 1963, chini ya Jomo Kenyatta, matamshi ya Kenya yakaenea hata huko kwao, bila koo lao kubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mwenye jina alikuwa na bendera.

Mtoto wa miaka saba katika shule ya mji wa Columbus hapa Ohio hana bendera, ana wazazi. Shule za hapa hufunguliwa Agosti. Kabla ya siku hiyo, mzazi na amwandikie mwalimu jina la mtoto kwa silabi, Mwa-na-i-di, amtamkie polepole, na asikubali pendekezo la kulifupisha kuwa Mona. Mwalimu akikosea mara ya kwanza na ya pili asichekwe. Arudiwe mara ya tatu, kwa uvumilivu ule ule tunaoutaka kwa yule mama wa duka.