Mkono Unaokufa Ganzi Usiku: Usisingizie Baridi wala Uzee

Huu ni wakati wa kupura alizeti hapa Kinampanda, na wengi mnaniuliza bei na wadudu wa ghalani. Leo naomba tuzungumzie chombo ambacho hakina duka la vipuri: mkono wako.

Nikizunguka mashambani nasikia lalamiko lile lile: "Bwana shamba, usiku mkono unakufa ganzi, naamka naukung'uta." Wanaolalamika zaidi ni akina mama, na wengi wameshajipa jibu: ni kipupwe, ni uzee, au kuna mtu ana mkono wake hapo. Mara nyingi jibu liko kwenye kazi ya mchana.

Kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba iliyozungukwa na mifupa na kufunikwa na utepe mgumu. Ndani yake zinapita kano 9 za kukunja vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Ukikaza fimbo ya kupuria au mpini wa jembe na kurudia mwendo ule ule mara maelfu, kano huweza kuvimba. Njia haipanuki, hivyo anayebanwa ni mshipa wa fahamu. Ndiyo maana ganzi hushika gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, na kidole kidogo kinabaki salama. Ujauzito na ugonjwa wa kisukari huongeza hatari hiyo.

Siyo kila maumivu ni hayo. Msimu uliopita mimi mwenyewe niliumwa upande wa gumba. Mchana nilikuwa napampu bomba la mgongoni nikifundisha kupulizia dawa, jioni naandika taarifa kwenye simu kwa gumba lile lile. Tabibu aliniambia nifiche gumba ndani ya ngumi, kisha niinamishe ngumi kuelekea kidole kidogo. Maumivu yalipanda mpaka nikakunja uso. "Hizo ni kano za gumba," akasema. Pampu nikaihamishia mkono wa kushoto, simu nikaiweka mezani na kuandika kwa kidole cha shahada. Ilichukua wiki kadhaa, lakini yalipungua.

Na kama kidole kinanasa ukikikunja, kisha kinafyatuka kwa maumivu, hapo kano inakwama kwenye ala yake. Wanaokamua ng'ombe na wanaopukuchua mahindi kwa vidole wajichunguze.

Jambo hili ni la zamani. Zaidi ya miaka 300 iliyopita daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika kuhusu makarani walioumwa mikono kwa kuandika mfululizo. Kalamu ni nyepesi. Jembe je?

Sasa tufanye nini? Angalia mpini kwanza. Mpini mwembamba hukulazimisha kukaza vidole. Unene wa sentimita 3 hadi 4 unawafaa wengi; kama wako ni mwembamba, uzungushie mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Noa jembe kwa tupa, maana jembe butu huongeza nguvu kila pigo. Unapopura, kifundo kikae kimenyooka, na pigo litoke begani. Gawa siku: pura kidogo, pepeta, shona magunia, kisha rudi. Pumzika dakika chache kabla mkono haujaanza kuuma. Mfanyabiashara, debe libebe kwa mikono miwili karibu na tumbo, usilining'inize kwa vidole.

Usijizoeshe kumeza vidonge vya maumivu kila asubuhi ili uendelee kupura. Vingi huumiza tumbo na figo vikitumiwa muda mrefu, na kazi inayokuumiza inabaki pale pale. Usikubali pia kuchanjwa chale kwenye kifundo. Hapo pana mishipa ya damu na ya fahamu.

Nenda kituo cha afya kama ganzi haiondoki hata mchana, kama unaangusha kikombe, au kama nyama ya chini ya gumba imeanza kubonyea. Ukiwahi, kifaa cha kushikiza kifundo usiku kinaweza kutosha. Wengine huhitaji upasuaji mdogo wa kuachanisha ule utepe. Ukichelewa sana, nguvu iliyopotea inaweza isirudi yote. Kama mkono umevimba, ni mwekundu na una homa, usisubiri kesho.

Nyumba nyingi kwetu bado zinalima kwa jembe la mkono. Mkono ukigoma mwezi wa kupanda, hakuna mbolea itakayofidia. Kwa hiyo jioni hii, kabla hujahifadhi jembe, shika mpini wake kama unavyoushika shambani. Kama unakulazimisha kukaza, anza na hapo.