Kompyuta haijui kama 11 ni nyingi kuliko 2

Wiki hizi vijana wengi mmenishika njiani mkiniuliza swali moja: "Kaka, programu yangu nimeiandika vizuri, lakini mtu akijibu swali tu, inaanguka." Wengine mnasema haianguki, ila inatoa hesabu za ajabu. Nimeona niandike hapa ili tusome wote pamoja. Mimi najitolea kwenye darasa la kompyuta hapa Nakivale, Uganda, na shule yangu ni ya sekondari tu. Lakini hili nimeliona kwa wanafunzi wengi, na kwa maoni yangu si jambo la kompyuta peke yake. Linagusa namna tunavyouliza watu maswali.

Tuanze na msingi. Kwa Python, ukitaka kumuuliza mtu kitu unatumia input(). Sasa shika neno hili moja, nusu ya shida itakuwa imekwisha: kila kinachotoka kwa input() ni maandishi. Kila kitu, bila kuchagua. Mtu akibonyeza 7, kompyuta haipokei saba ya kuhesabia. Inapokea alama ya 7, vile vile inavyopokea herufi B. Aina hiyo ya data inaitwa stringi, na Python inaiandika str. Saba ya kuhesabia ni aina nyingine, namba kamili, nayo inaandikwa int.

Fikiria hivi. Ukichukua karatasi ukaandika "elfu kumi", hiyo karatasi haikununulii unga sokoni. Imeandikwa elfu kumi, ndiyo, lakini si pesa.

Angalia mistari hii miwili:

umri = input("Una miaka mingapi? ")
print(umri + 1)

Mtu akiandika 19, hupati 20. Unapata maneno mekundu yenye TypeError. Sababu ni kwamba alama ya + ina kazi mbili. Kati ya namba na namba inajumlisha. Kati ya maandishi na maandishi inaunganisha. Kati ya maandishi na namba inakataa kabisa. Wengi wakiona yale mekundu wanaogopa, wanafunga kompyuta. Msiogope, hapo Python inawasaidia. Imekataa mbele ya macho yenu na imewaonyesha mstari wenye shida.

Kosa la kuogopa ni lile linalonyamaza. Uliza mara mbili: wavulana wangapi nyumbani, wasichana wangapi. Mtu anajibu 4, halafu 3. Wewe unaandika wavulana + wasichana. Jibu linatoka 43! Hakuna neno jekundu, hakuna kelele. Kompyuta imechukua alama ya 4 ikaibandika kwenye alama ya 3. Hapo bado unaweza kucheka, maana familia ya watoto 43 kila mtu ataishangaa. Lakini kuna nyingine ambayo haichekeshi.

Darasani tulipewa zoezi: orodhesha kaya za kijiji kuanzia yenye watu wengi mpaka yenye watu wachache. Ni zoezi tu, si orodha ya ofisi. Kijana mmoja akaandika programu yake safi, ikauliza, ikapanga, ikatoa majibu. Namba alizoingiza zilikuwa 2, 11, 9 na 6. Programu ikazipanga hivi:

9
6
2
11

Familia ya watu 11 ikawa ya mwisho, chini ya familia ya watu 2. Na orodha ilikuwa imenyooka, nzuri, mtu akiipitia haraka haoni kitu. Kumbe kompyuta ilikuwa inapanga maandishi kama kamusi inavyopanga maneno. Kwenye kamusi neno "asubuhi" linatangulia "wa" ingawa ni refu zaidi, juu inaangaliwa herufi ya kwanza. Vilevile alama ya 1 inatangulia alama ya 2, kwa hiyo "11" inakuwa ndogo kuliko "2". Kwa maandishi ni sawa kabisa. Kwa watu si sawa.

Sasa waza kama ingekuwa orodha ya kweli. Sabuni zinagawiwa, zinaanza kwa familia kubwa, zinaisha katikati. Mama mwenye watu 11 anarudi mikono mitupu, na akiuliza anaambiwa, "Mashine ndiyo imepanga." Nani atabishana na mashine? Ndiyo maana nasema tusichukulie aina za data kama mambo ya mtihani tu. Ukiwa hapa unajua maana ya kuwa chini kwenye orodha.

Dawa yake ni fupi. Geuza maandishi kuwa namba pale pale yanapoingia, mlangoni, kabla hayajatembea ndani ya programu:

watu = int(input("Nyumbani mko watu wangapi? "))

Kuanzia hapo 4 na 3 zinakuwa 7, na 11 inapita 2. Usisubiri kugeuza mwishoni, utasahau sehemu moja na kosa litajificha humo.

Lakini bado hatujamaliza, maana anayejibu ni mtu. Siku ya kujaribu programu tulimkaribisha mama mmoja jirani wa darasa. Kijana akamwambia, "Mama, andika mko watu wangapi." Mama akaandika polepole: tuko nane. Akabonyeza. Programu ikaanguka na maneno ya Kiingereza, ValueError. Mama akarudisha mikono haraka kama aliyeungua. "Mwanangu, nimeharibu mashine ya watu?"

Kijana akamjibu vizuri sana: "Hapana mama. Wewe umejibu sawa. Ni programu ambayo haijui kusikiliza."

Hilo jibu ningependa kila anayejifunza programu alishike. Mama aliulizwa kwa Kiswahili, akajibu kwa Kiswahili sahihi. int() inajua kugeuza "8", hata " 8 " yenye nafasi pembeni. Haijui "nane", haijui "tuko 8", haijui mtu akibonyeza bila kuandika kitu. Haijui pia mtu akiandika herufi O badala ya sifuri. Kazi ya kulijua hilo ni ya mwandishi wa programu, si ya mama.

Kwa hiyo tunaandika hivi:

while True:
    jibu = input("Mko watu wangapi? Andika kwa tarakimu, mfano 8: ")
    try:
        watu = int(jibu)
    except ValueError:
        print("Samahani, sijaelewa. Andika tarakimu tu, mfano 8.")
        continue
    if watu < 1:
        print("Hesabu na wewe mwenyewe pia.")
        continue
    break

Maana yake: jaribu kugeuza. Ikishindikana, usianguke, eleza kwa lugha ya mtu, kisha uliza tena. Ikigeuka, angalia kama ina akili, maana int() inapokea hata -3 na hakuna nyumba yenye watu hasi tatu. Ikiwa sawa, toka kwenye mzunguko. Na angalieni maneno ya ujumbe. Hayasemi "umekosea". Yanasema "sijaelewa". Sisi sote tumesimama mbele ya dirisha fulani tukafokewa juu ya fomu ambayo hatukuelezwa. Tusijenge dirisha lingine kama hilo ndani ya kompyuta.

Kuna mambo mengine matatu ambayo hapa kwetu yanatokea sana.

La kwanza ni koma. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa, Wakongo na Warundi, tunaandika nusu kwa koma: 7,5. Waliosoma hapa Uganda wanaandika kwa nukta: 7.5. Kwa Python, float("7.5") inapita na float("7,5") inaanguka. Mtu hajakosa hesabu, amesoma shule nyingine tu. Ongeza jibu.replace(",", ".") kabla ya kugeuza, na wote wawili mtawapokea.

La pili: si kila kinachoandikwa kwa tarakimu ni namba. Namba ya simu inaanza na sifuri. Ukiipitisha kwenye int(), sifuri ya mbele inapotea na hiyo simu haitapigika. Namba ya kadi ya familia ni hivyo hivyo. Jiulize swali dogo: je, nitaijumlisha au kuilinganisha ukubwa? Hakuna anayejumlisha namba za simu. Basi iache iwe stringi. Wanaoanza wakishajua int() wanataka kuitia kila mahali kama chumvi.

La tatu ni tarehe ya kuzaliwa. Wengi wetu tuna wazazi ambao kwenye karatasi wamezaliwa tarehe 1 Januari. Si kwamba wote walizaliwa siku moja. Fomu ilidai tarehe kamili, mzee anajua mwaka tu, au anajua msimu wa mavuno, basi siku ikajazwa. Programu ikilazimisha aina moja ya jibu, watu watatoa jibu la aina hiyo, hata kama si la kweli. Kwa hiyo ukiuliza tarehe, weka nafasi ya mtu kujibu "sijui", na uihifadhi kama haijulikani. Usiijaze wewe.

Neno moja kwa wanaosoma vitabu vya PDF tunavyopeana kwa bluetuthi. Ukikuta kitabu kinatumia raw_input(), hicho ni cha Python 2, ambayo ilifungwa rasmi mwanzo wa mwaka 2020. Huko input() ilikuwa na tabia nyingine: mtu akiandika 7 ilirudi namba. Kwa Python 3 inarudi maandishi siku zote. Wengi mnafuata kitabu neno kwa neno, programu inakataa, mnaona akili zenu ndiyo tatizo. Tatizo ni umri wa kitabu.

Sasa kazi ya wiki hii. Kabla hujasema programu yako imekamilika, ijaribu kwa majibu haya matano: namba ya kawaida, namba iliyoandikwa kwa maneno, jibu tupu, namba yenye koma, na namba hasi. Halafu mwite mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta, mama, mzee, mdogo wako, mpe kiti akae, wewe usimame nyuma yake na ufunge mdomo. Pale atakaposimama na kukuangalia, hapo ndipo programu yako haijakamilika. Andikeni hapa chini yaliyowatokea, na wenye laptop muwakumbuke wasio nayo: hata kwenye simu Python inakubali.