Kupauka Sio Kufa

Wasee, wale mmekuwa mkiniuliza mbona ile stori ya matumbawe niliikata katikati, jibu ndilo hili. Video sina. Soma tu.

Mwaka jana nilikuwa nashuti nyumba moja Nyali, mwenyewe anahama. Sebuleni kulikuwa na tangi la maji ya chumvi, kioo kimeota kijani, samaki hakuna hata mmoja. Chini kulikuwa na vipande vinne vya matumbawe, vitatu vyeupe kama chaki. Mzee akaniambia, "Kijana, tangi chukua. Hayo mawe tupa, yashakufa."

Lakini sio mawe. Tumbawe ni vinyama vidogo vingi vinavyoishi pamoja. Ndani ya nyama yao kuna mwani mdogo sana, na huo ndio unaowapikia sehemu kubwa ya chakula kwa kutumia mwanga. Maji yakipata joto kupita kiasi, mwani unatoka na rangi inaenda nao. Tumbawe linabaki jeupe, lina njaa, lakini liko hai. Kwa muda tu.

Nikayavusha feri hadi kwetu Likoni, kwa tuktuk, ndani ya ndoo yenye maji yake yaleyale. Wakati huo nilikuwa nimeacha kampasi mwaka wa pili, karo imenilemea, nimerudi kwa mathe, na wafuasi wangu hawajazi hata matatu mbili. Mazee, nikaona hapa kuna kontenti.

Kila jioni nawasha taa hadi mwisho ndio picha itoke safi. Video ya kwanza ikapaa. Mkaniita daktari, na si uongo, niliskia poa. Siku ya tisa, lile la matawi likaanza kuambuka nyama. Kesho yake likabaki mfupa mtupu.

Ndio nikaenda kusoma kile nilifaa kusoma mwanzo. Tumbawe lililopauka halitaki mwanga mkali. Unaanza na hafifu, unaongeza polepole. Taa yangu ya kushuti ndiyo ilichangia kulimaliza. Hiyo sikuwaambia. Nilisema "limeshindwa", nikanyamaza.

Basi nikaweka simu kando. Taa nikaishusha. Kila wiki nilitoa sehemu moja ya kumi ya maji, nikarudisha mapya: maji yaliyochujwa, chumvi ya akwariamu kama gramu 35 kwa lita. Hubadilishi yote kwa siku moja hata kama ni machafu, kwa sababu mabadiliko ya ghafla nayo yanaua. Usiku, vinyama vikitoa mikono yao, navilisha uduvi uliosagwa, tone kwa tone, kwa bomba la sindano.

Joto ndilo lilinisumbua. Nilitaka maji yakae nyuzi 26, na nyinyi mnajua Likoni. Nikaelekeza feni juu ya tangi. Feni inapoza, lakini inakausha maji, na chumvi inabaki, so unajazia maji baridi, sio ya chumvi. Nikiwa kazini, mathe ndiye alijazia. Alikuwa haulizi narudi shule lini. Alikuwa anauliza, "Mgonjwa wako amekula?"

Mwezi wa nne, tumbawe la ubongo likapata kahawia pembeni. Kidogo tu, kama doa la chai. Nilimwita mathe aje aone, kisha mkono ukaenda mfukoni kutafuta simu. Nikaurudisha.

Usinielewe vibaya. Mimi sijaokoa bahari. Mwaka wa 1998, kabla sijazaliwa, joto la El Niño liliua matumbawe mengi sana ya pwani yetu. Tangi la sebuleni halirudishi hayo. Na usitoke hapa ukaenda kubeba matumbawe baharini ati unayatibu. Kwenye hifadhi kama Kisite hutoi kitu.

Nilichojifunza ni kidogo. Ukiona kitu kimepauka, usikimbilie kusema kimekufa. Na ukiamua kukiuguza, jiulize taa umewasha kwa ajili ya nani. Mimi niliwasha kwa ajili yenu, tumbawe moja likalipa.

Matatu yamebaki. Leo ni siku ya kubadilisha maji. Picha sitaweka.