Kabla hujamlipa mpiga picha wa harusi

Picha ya harusi ya wazazi wangu ilibaki Fizi, ukutani, siku tulipotoka mbio. Mama anaweza kukueleza kila kitu kilichokuwa ndani yake: yeye amekaa kwenye kiti, baba amesimama nyuma amemwekea mkono begani, mjomba anacheka upande wa kushoto na kiatu chake kimoja kimechanika. Baba alifariki baadaye. Mimi ndiye kitinda mimba, sura yake naikumbuka kidogo tu. Basi yaya wangu alipoposwa hapa Kakuma, mama hakuuliza kwanza habari za gauni wala mbuzi. Aliniita akasema:

"Wewe unafanya kazi na vijana, unawajua wenye kamera. Nitafutie mmoja wa kweli. Sombe italiwa itaisha. Picha itabaki."

Ninaandika haya kwa sababu nilidhani ni kazi rahisi, halafu nikakosea mahali ambapo sikutazamia kabisa.

Hapa kwetu wapiga picha hawakosekani. Kambi hii iko tangu 1992, na Kalobeyei tangu 2016, na miaka yote hiyo watu wanaoana. Kuna wenye studio sokoni, pazia la maua nyuma na viti viwili vya plastiki mbele. Kuna vijana wawili watatu wanaotumia kamera moja kwa zamu. Kuna wenye simu nzuri tu na maneno mengi.

Nilienda kwa watatu. Wa kwanza alinionyesha picha kumi kwenye simu, zote tamu. Nikamwomba anionyeshe harusi moja nzima, tangu asubuhi mpaka mwisho, akaanza kutafuta visingizio. Picha kumi nzuri kila mtu anazo, hata mimi. Wa pili alitaka pesa yote mbele. Wa tatu alinifungulia laptopu yake, nikaona harusi nzima: kanisani, chini ya turubai, hata usiku wakati wa kucheza. Bei yake ilikuwa shilingi 6,000, nusu mbele kwa M-Pesa, nusu siku ya kupokea albamu, na albamu angeituma kutengenezwa Lodwar. Nikamchagua huyo. Mpaka hapo nilijiona mjanja.

Na kazi yake aliijua kweli. Swali lake la kwanza lilinichekesha: "Turubai lenu ni la rangi gani?" Nikamwambia la bluu. Akasema hapana, tutafute jeupe, kwa sababu chini ya turubai la bluu watu wote wanatoka kama wagonjwa wa malaria. Akanieleza pia kwamba gauni jeupe linaidanganya kamera: inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso wa bibi harusi unakuwa mweusi tititi. Kwa hiyo yeye anapima mwanga usoni, si kwenye gauni. Halafu akatuomba tuwatoe maharusi nje saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelala kidogo, maana jua la Turkana la saa saba linamwekea mtu mashimo machoni. Alikuja na betri mbili zilizojaa na kadi mbili za memori. Kwa mambo hayo sina lawama.

Siku ya harusi ilikuwa na vumbi na furaha. Kortegi iliingia ikicheza, akina mama wakaleta zawadi mmoja mmoja, masufuria, ndoo, vikwembe. Kosa la kwanza tuliligundua baadaye tu. Bibi aliyemlea shemeji, aliyembeba mgongoni njia yote kutoka Kongo, hakuonekana kwenye picha hata moja, isipokuwa mgongo wake wakati anaondoka. Mpiga picha angejuaje? Kwake yeye bibi wa ukoo na jirani aliyekuja kula ni sawasawa. Hatukumpa orodha ya watu, wala mtu wa kumwonyesha huyu ni nani.

Kosa la pili ndilo lililoniondolea usingizi.

Siku tatu baada ya harusi, mpiga picha aliweka picha nyingi kwenye Facebook. Chini yake aliandika jina la kanisa, jina la kambi na tarehe. Sisi tulifurahi sana. Ndugu wa Uvira wakaandika, shangazi aliye Australia akaandika. Mimi mwenyewe nikazishea bila kufikiri mara mbili.

Usiku wake jirani yetu mmoja, mama mzima ambaye yaya wangu anamwita mama, alibisha mlangoni. Hakukaa. Alisema, "Mwanangu, ile picha iondoe." Nikauliza ipi. Ilikuwa ile anayomkabidhi bibi harusi beseni, uso wake wote uko wazi, anacheka. Habari zake sitaziandika hapa, si zangu. Inatosha kusema kuna watu aliowakimbia, wanaijua sura yake, na yeye hakutaka wajue yuko wapi. Sisi sote tulipoitazama picha ile tuliona bibi harusi. Yeye aliona anwani yake.

Nikapiga simu kwa mpiga picha, haipatikani, haina chaji. Nikachukua bodaboda mpaka Kakuma 3 nikamkuta anakula. Mwanzoni alikataa. Akaniambia, "Ndugu yangu, hayo ndiyo matangazo yangu. Bila picha hizo nani atanipigia? Na tena hukuniambia kitu." Nilikasirika, lakini alisema kweli. Nilikuwa nimemuuliza habari za betri, turubai na bei. Sikumuuliza hata mara moja picha zitaenda wapi.

Alizitoa usiku uleule, hilo namshukuru. Lakini watu walikuwa wamekwisha kuzishea, ikabidi niwaandikie mmoja mmoja. Shangazi akauliza, "Kwani kuna nini?" na sikuweza kumweleza. Mama jirani alilala kwa watu wengine karibu wiki mbili. Nilimsindikiza kwenye ofisi ya ulinzi akaeleza mambo yake. Mpaka leo hakuna aliyekuja, tunamshukuru Mungu. Lakini usingizi wa wiki zile mbili nani atamrudishia?

Tangu siku hiyo kuna jambo linanisumbua. Mashirika yakija kupiga picha kwenye kikundi chetu cha vijana, yanaleta fomu ya kukubali. Tunasomewa, tunasaini, na anayekataa anakaa pembeni. Kenya ina sheria ya kulinda data ya mtu tangu 2019, na mimi mwenyewe nimewafundisha vijana habari zake. Lakini harusi ikifika, mimi mwalimu nimesahau kila kitu. Sisi kwa sisi hatuulizani, kwa sababu harusi ni furaha, na nani anauliza ruhusa kwenye furaha? Na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, tukiwaalika mnakuja na tunafurahi. Lakini simu zenu nazo zinatoka mfukoni, na fomu mmeiacha ofisini.

Kuna watu waliniambia basi dawa ni kuacha kupiga picha. Mimi nakataa. Shemeji na yaya walikuwa kwenye faili mbili tofauti. Walipoenda kueleza kwamba sasa ni mume na mke, walibeba cheti cha kanisa na walibeba albamu. Picha haiwezi kuwa cheti, lakini yaya anasema afisa alipoifungua ile albamu na kuona wazee wa pande zote mbili wameketi pamoja, mazungumzo yakawa mepesi. Sisi tuliopoteza karatasi zetu zote njiani tunajua kitu cha kushika mkononi kina maana gani. Muulize mama yangu.

Kwa hiyo msichana mmoja wa kikundi chetu alipokuwa anaolewa, tulikaa na mpiga picha yuleyule tukaandika karatasi moja kwa mkono. Kwanza bei, pesa ya mbele, na tarehe ya kupokea albamu. Pili orodha ya watu ambao lazima wapigwe, na kijana mmoja wa familia wa kutembea naye akimwonyesha: huyu ni mjomba, huyu ndiye bibi. Tatu, picha zote zinabaki kwenye kadi mbili mpaka familia ipokee zake. Nne, hakuna picha inayowekwa mtandaoni kabla maharusi hawajaziangalia zote na kuchagua, na hata hizo haziandikwi jina la kambi. Familia ilikubali kumchagulia picha tano za matangazo, maharusi peke yao, ili naye asikose wateja. Wakasaini pande mbili na shahidi mmoja.

Kwa wageni tulifikiri sana. Mwanzo kijana mmoja alisema tuwafunge kitambaa mkononi wale wasiotaka picha. Mwingine akajibu, hapo umewaonyesha watu wote nani anajificha. Basi tukatenga upande mmoja wa turubai, kamera haigeuki huko, na mchungaji akatangaza kwamba anayetaka kukaa huko akae, bila sababu. Walikaa akina mama wenye kunyonyesha, wazee wasiopenda flashi, vijana waliovaa vibaya, na wengine ambao sikuwauliza. Hakuna aliyeonekana wa ajabu. Akawaomba pia wageni wenye simu waheshimu upande ule, na wengi waliheshimu.

Sasa yule mpiga picha anatumia karatasi ile kwa wateja wake wengine. Ananiambia watu wanamwamini zaidi.

Bado jambo moja. Albamu ya yaya ilipofika kutoka Lodwar, nilimwambia mama jirani kwamba picha yake haimo, tumeitoa. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama naweza kumchapishia moja, ya karatasi, nakala moja tu. Miaka yote aliyokaa hapa hakuwa na picha yake hata moja. Mpiga picha aliichapisha bure, akaifuta kwenye kadi zote mbili na kwenye laptopu mbele ya macho yake. Ameifunga ndani ya kitambaa, anaiweka pamoja na karatasi yake ya rashoni. Siku moja alinionyesha. Kweli alikuwa amependeza.

Kama mna harusi karibuni, karatasi yetu iko kwenye banda la vijana. Njoo unakili, ni bure.