Nilisema Atazoea

Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi wangu wa Kiingereza kwamba nostalgia ni neno tamu. Ni ile raha yenye majonzi kidogo, niliwaambia, inayomjia mtu redio ikipiga zilipendwa akaukumbuka ujana wake. Nikaongeza kwa kujiamini kuwa neno hilo ni la kale, lilitumiwa na Wagiriki wenyewe. Maana niliyoitoa ndiyo ya siku hizi. Asili niliyoitoa haikuwa kweli, nami sikuwahi kufungua kitabu kuihakikisha.

Wakati huohuo nilikuwa mlezi wa bweni la wasichana. Binti mmoja wa kidato cha kwanza, aliyetoka mbali, aliacha kula. Wenzake wakienda darasani yeye alibaki kitandani, amejifunika gubigubi. Zahanati walimpima malaria wasione kitu. Kila nilipomuuliza anaumwa wapi, jibu lilikuwa moja: "Nataka kwenda nyumbani, mwalimu." Nilimwambia anadeka. Mama yake alipopiga simu kuomba amchukue walau siku chache, nilimkatalia. "Mwache, mama, atazoea. Ukimchukua sasa utamharibu." Hakuzoea. Alikonda mpaka baba yake mdogo akaja kumchukua bila kusubiri kibali changu, na hakurudi tena.

Muda mrefu ulipita kabla sijaijua historia ya neno lile. Halikuzaliwa Ugiriki. Lilibuniwa mwaka 1688 na Johannes Hofer, kijana wa miaka 19 aliyekuwa akisomea udaktari katika mji wa Basel, Uswisi. Alichukua maneno mawili ya Kigiriki, nostos, yaani kurudi nyumbani, na algos, yaani maumivu, akayaunga kuutaja ugonjwa ambao watu wa kwao waliuita Heimweh kwa Kijerumani. Ugonjwa, si raha ya kumbukumbu. Katika tasnifu yake alieleza habari za msichana wa shamba aliyeanguka, akalazwa hospitali katikati ya wagonjwa asiowajua. Alikataa chakula, akakataa dawa, na kila aliyemsemesha alimjibu kwamba anataka kwenda nyumbani. Wazazi wake walipomchukua alipona kwa siku chache, bila dawa yoyote.

Hapo niliacha kusoma. Maneno ya msichana yule niliyafahamu. Nilikuwa nimeyasikia kwa masikio yangu, kwa Kiswahili, nikayaita deko.

Nilipoendelea nilikuta kwamba si Hofer peke yake aliyelichukulia jambo hili kwa uzito. Wanajeshi wa Uswisi waliokuwa wakipigania wafalme wa nchi za kigeni walijulikana kwa maradhi hayo. Mwanafalsafa Rousseau, katika kamusi yake ya muziki ya mwaka 1768, aliandika kuwa wimbo wa wachungaji wa ng'ombe wa milimani kwao ulipigwa marufuku vikosini, kwa sababu waliousikia walilia, walitoroka au walikufa. Huko Marekani, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, madaktari wa jeshi la Kaskazini waliandika nostalgia kwenye daftari za wagonjwa zaidi ya mara 5,000, na wapo waliotajwa kuwa wamekufa kwayo. Ni baadaye sana, hasa katika karne ya 20, neno lilipohama kutoka wodini, likaacha kumaanisha mahali mtu alipopaacha na kuanza kumaanisha wakati uliompita.

Najua madaktari wa leo hawatibu kwa kitabu cha Hofer. Lakini hata bila kitabu hicho ningeweza kuona. Kiswahili changu kinajua kuwa mtu huugua kwa ukiwa, na nyanya yangu angemtazama binti yule mara moja tu akasema mpelekeni kwao. Sikukosa elimu. Nilikataa kumwamini mtoto aliyenitajia ugonjwa wake na dawa yake katika sentensi moja, kwa kuwa niliogopa nikimruhusu mmoja bweni zima litaomba ruhusa.

Nilimtafuta mama yake kwa simu nikamwomba radhi. Alinisikiliza, akaniambia binti alimaliza kidato cha nne katika shule ya kutwa karibu na kwao. Kisha akaniuliza kwa nini siku ile sikumwamini mwanawe. Nilimjibu nilivyoandika hapa, kwamba niliogopa. Akasema atamfikishia.