Orodha ya Vyuo Isomwe Nyumbani

Matokeo ya KCSE yakishatangazwa, na muda wa kuomba vyuo kupitia KUCCPS ukafunguliwa, wazazi hutujia msikitini baada ya Isha, matokeo ya mtoto yakiwa kwenye simu, wakitaka tumwombee binti yao apate udaktari. Dua twaomba. Kisha twauliza orodha ya vyuo imeandikwaje, na hapo wengi hunyamaza, kwa kuwa ilijazwa saiba, haraka haraka, na kozi zikachaguliwa kwa uzuri wa majina yake.

Ndugu zetu wazazi, gredi ya C+ ni mlango wa nje wa shahada; haifungui kila chumba. Kila kozi ina masomo yake manne yanayoangaliwa, na kutokana na hayo mwanafunzi hupata pointi zisizozidi 48, ambazo wengi huziita klasta. Wasichana wawili wenye C+ moja waweza kuachana mbali kwa pointi hizo. Aliyeinuliwa na Kiswahili na somo la dini, huku Kemia ikimlemea, hatalingana na aliyefaulu Kemia na Biolojia pindi wote wawili wanapoomba kozi za tiba.

Tovuti huonyesha pointi za mtu wa mwisho aliyeingia kila kozi mwaka uliotangulia. Ziangalieni. Hupanda na kushuka kwa kadiri ya walioomba, ila zatoa dira. Udaktari katika vyuo vikuu vya umma hupita pointi 40. Binti mwenye 31 akiujaza katika kila mstari, huyo hana orodha. Twapendelea mstari wa juu uwe wa tamaa, kozi iliyomzidi kidogo tu. Inayofuata iwe ya kiasi chake. Na wa chini uwe wa kozi ambayo ameipita kwa wazi, na ambayo yeye mwenyewe ataisoma bila kinyongo.

Lakini pointi ni nusu ya hesabu. Tulishuhudia binti mmoja, miongoni mwa waliosoma madrasani kwetu, aliyeitwa chuo kikuu cha mbali, huko bara, kusomea ualimu. Chuo hicho kilikuwa kwenye orodha tangu mwanzo, na baba yake alikiona. Barua ilipokuja, baba akasema haendi. Tulikwenda kuzungumza naye, sisi na ami yake binti, tukakaa mpaka usiku, asikubali. Ualimu husomeshwa Kilifi pia, katika Chuo Kikuu cha Pwani, na pointi zake zilitosha. Ila mstari wa Kilifi ulikuwa chini ya ule wa mbali, na mfumo humpa mtu cha juu anachokistahili, kisha haumtazamii vilivyo chini yake. Mwaka ule binti alikaa nyumbani.

Hatusemi kuwa baba hana haki ya kuhofu. Katika safari ya mwanamke na makazi yake wanazuoni wana maneno yao, na kila nyumba ina shekhe wake wa kumuuliza. Tusemalo ni kwamba swali hilo lina wakati wake, nao ni kabla ya siku ya mwisho ya maombi. Kumwacha mtoto aandike, apate, kisha umzuie, ni kumdhulumu mara mbili: umemnyima cha mbali na cha karibu. Basi baba, mama na binti waketi pamoja, waisome orodha mstari kwa mstari, na kwa kila mmoja waulizane: akiitwa hapa, ataishi wapi, nani atamwangalia, nauli itatoka wapi? Mstari usio na jawabu ufutwe usiku huo huo. Nanyi mama zetu, msinyamaze. Mara nyingi mwayajua ya moyoni mwa baba kabla hajayatamka.

Karo nayo ni vivyo hivyo. Mkopo wa HELB kwa wanafunzi wa shahada hutozwa asilimia 4, na familia inayojiepusha na riba yafaa ipige hesabu yake bila ya mkopo huo kabla ya kuandika chuo chochote. Huenda hesabu hiyo pekee ikaamua kama binti atakodi chumba ugenini au atalala kwao.

Tena stashahada isidharauliwe. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, kilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1951 kikiwa taasisi ya elimu ya Waislamu, MIOME, na hakikuwa chuo kikuu kamili hadi 2013. Kwa miaka yote hiyo mafundi waliotoka pale waliheshimiwa mjini. Leo binti mwenye C, na C ya Biolojia, aweza kuuomba uuguzi wa KMTC, na mlango wa shahada hubaki wazi mbele yake. Kwetu sisi, huo ni mstari bora kuliko ndoto tatu za udaktari.

Istikhara iswaliwe, ila juu ya orodha iliyokwisha kusomwa. Na nenosiri la akaunti likae nyumbani, si kwa kijana wa saiba, kwani wasiopata nafasi hufunguliwa muda wa kurekebisha chaguo zao, nao ni mfupi, na tumewaona waliopitwa nao wakilitafuta nenosiri.