Shangazi Hajaulizwa

Jana grupu ya ukoo ilinikosesha usingizi. Shangazi yangu wa West Indies, Eldoret, anaugua saratani ya matiti, na daktari amemtajia utafiti wa dawa mpya. Kabla sijamaliza kusoma, shauri lilikuwa limekatwa: baba mkubwa amekataa, kifungua mimba ametumwa kupeleka jibu. Nikauliza shangazi mwenyewe anasemaje. "Tusimsumbue, ni mgonjwa."

Hapa Indianapolis, Marekani, ninakoishi, nilimsindikiza jirani yangu, mzee Mmarekani Mweusi, alipoitwa kwa jambo kama hilo. Muuguzi alivuta kiti akaketi akimtazama yeye, si binti yake aliyeshika daftari. Ukurasa wa kwanza wa fomu ulieleza dawa, madhara yake, na kwamba anaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Binti alipotaka kujibu, muuguzi akamwambia kwa upole, "Ningependa kumsikia baba." Mzee akaenda na fomu nyumbani, akaisoma, akakataa. Kemo yake ikaendelea vilevile.

Wamarekani walifundishwa na aibu. Kule Tuskegee, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume Weusi wenye kaswende walichunguzwa tu huku wakinyimwa tiba, hata penisilini ilipopatikana. Sheria za ridhaa zilikazwa baada ya hapo.

Nasi Wakenya sheria tunayo, Sheria ya Afya ya 2017: mgonjwa aelezwe, aridhie mwenyewe. Najua hoja ya wazee, kwamba anayeuza ng'ombe na kulala hospitalini ni familia. Ni kweli. Lakini bibi yetu tulimficha ugonjwa wake, tukamwambia ana vidonda vya tumbo mpaka tukamzika, na alikuwa na mambo ya kupanga.

Wala utafiti si wa kuogopwa. Ule wa saratani ya Kaposi kwa wenye virusi vya ukimwi, ulioanza 2013, uliandikisha wagonjwa 334 katika nchi sita, Eldoret ikiwemo, ukaonyesha kwamba paklitakseli inafanya kazi vizuri kuliko dawa zilizozoeleka. Kila mmoja wao alikuwa na haki ya kusema hapana.

Wewe uliye na mgonjwa nyumbani, kabla ya kutoa kauli kwenye grupu, mpigie yeye. Ombeni daktari amweleze kwa lugha anayoielewa, hata Kinandi. Akikataa, mkubalieni. Akikubali, mchangieni nauli ya kliniki.